Kifurushi Ndani ya Gauni la Harusi

Hebu kaa vizuri, maana hili ninalokusimulia hutaliamini. Gauni la harusi, jeupe pe, lilisimamisha foleni nzima kwenye uwanja wa ndege. Bibi harusi mwenyewe hakuwepo. Alikuwa mji mwingine kabisa, anasukwa nywele, hana habari kwamba gauni lake limelazwa juu ya meza na maafisa wa usalama wanalipekua kwa glavu. Kweli tena. Ngoja nianze mwanzo.

Palikuwa na msichana wa miaka kumi na miwili, mtaa mzima ukimwita Sindano. Alikuwa mwembamba na mwepesi, pakiwa na upenyo amepita. Mama yake alikuwa fundi wa nguo, na chumba chake cha kushonea kilitazama barabara. Kila asubuhi Sindano alianza na kazi ile ile: kuburuza sumaku sakafuni ili kuokota pini zilizodondoka jana yake. Akimaliza, hupangusa cherehani, hukunja vipande vya vitambaa, ndipo anywe chai.

Wiki hiyo shule zilikuwa zimefungwa, na chumbani kulikuwa na kazi moja tu. Mama Mdogo, yaani mdogo wake mama, alikuwa anaolewa Jumamosi katika mji wa mbali. Mama alikuwa ameapa: "Mdogo wangu hatavaa gauni la kukodi na mimi niko hai." Alishona, akafumua, akashona tena. Pindo la chini alilishikiza kwa uzi tu, kwa sababu pindo la gauni la harusi humaliziwa bibi harusi akiwa amesimama ndani yake, viatu vyake vya siku hiyo viko mguuni. Kwa hiyo gauni lilikuwa lazima lisafiri, na fundi asafiri nalo. Ndege ilikuwa ya Ijumaa mchana. Ikiwaacha hiyo, nyingine ni Jumapili, harusi imekwisha na watu wanaosha masufuria.

Sasa, unajua watu tulivyo. Habari ya safari haifichiki. Ikivuja kidogo tu, kila mtu anakumbuka ana ndugu huko unakokwenda. Jirani mmoja alikuja na mfuko wa viatu, mwingine na redio. Mama aliwajibu wote huku pini zimejaa mdomoni: "Jamani, safari hii nabeba gauni. Salamu nitafikisha. Mizigo, hapana."

Chumba cha pili kulikuwa na kinyozi. Alikuwa mcheshi, na Sindano alimpenda kwa sababu alimruhusu kukalia kile kiti chake kinachozunguka. Alhamisi jioni akamwita.

"Sindano, mjomba wako nina shida."

"Shida gani, mjomba?"

"Hiki kidude." Akamwonyesha kifurushi kidogo kilichofungwa kwa gazeti na utepe wa gundi, kikazungushiwa mpaka kikawa kigumu kama jiwe. "Mpe kaka yangu. Atakuja kuwapokea pale nje ya uwanja. Ana tumbo kama langu, huwezi kumkosa."

"Mama amesema hatubebi mizigo ya watu."

"Huu nao ni mzigo? Hata panya anaubeba. Chomeka tu mahali. Na mama yako usimsumbue, ana mambo mengi kichwani."

"Ndani kuna nini?"

Lakini mteja alikuwa ameshaingia, na kinyozi akageuka kumkaribisha. "Karibu mzee, leo tunapunguza au tunamaliza?" Swali la Sindano likabaki linaning'inia.

Alisita mlangoni, kifurushi mkononi. Kumrudishia aliona haya. Kumwambia mama aliogopa. Basi usiku ule, mama alipokwenda kuoga, Sindano alifungua boksi la gauni, akasukuma kifurushi katikati ya mikunjo ya sketi, akafunika. Nani atajua?

Asubuhi ya Ijumaa ugomvi ulikuwa wa saa. Ndege ilikuwa saa nane mchana. Baba Mdogo, yaani mdogo wake baba, dereva wa teksi, alipiga honi nje saa nne.

"Shemeji, tunakwenda," alisema.

"Tunakwenda wapi saa hizi? Uwanja uko hapo tu. Acha nimalizie kifungo cha mtu."

"Kifungo kitakusubiri. Ndege haitakusubiri. Ile haina kondakta wa kumwambia 'simamisha, kuna mama anakuja'."

"Tukakae kule tufanye nini, tuhesabu ndege?"

"Hesabuni, ni bure. Safari ya ndani ya nchi, mtu anafika masaa mawili kabla. Ya nje ya nchi, matatu. Na kwa kuwa ni wewe, shemeji, nimeongeza langu."

Sindano akacheka. Mama alimkata jicho, lakini alichukua mkoba wake. Njiani Baba Mdogo hakunyamaza. Mkasi wa mama uko wapi? Kwenye sanduku kubwa linalokwenda chini ya ndege, vizuri. Vitambulisho? Mkononi. "Na utani muuache humu garini. Pale ukitaja bomu, hata kama unacheka, wenzako hawacheki. Utakaa kwenye kiti unajieleza mpaka ndege ipae."

Uwanja ulikuwa na ukumbi mrefu, sakafu inateleza na kung'aa. Walikwenda moja kwa moja kwenye kaunta, sanduku likapimwa, likabandikwa lebo, likachukuliwa. Dada wa kaunta akatazama lile boksi.

"Na hilo?"

"Hili linakaa na mimi," alisema mama. "Ni gauni la harusi. Hata choo nitakwenda nalo."

Dada akatabasamu. "Sawa, mama. Mizigo yako umeifunga mwenyewe?"

"Kwa mikono hii."

"Hakuna mtu yeyote aliyekupa kitu umbebee?"

"Hakuna. Niliwakataa wote."

Sindano alitazama vidole vyake vya miguu. Dada akawapa pasi zao za kupandia ndege, akawatakia safari njema, na hapo nafasi nzuri kabisa ya kusema ikawa imepita.

Wakaingia foleni ya ukaguzi. Mbele yao watu walivua mikanda na saa, wakaweka simu na funguo kwenye trei, mizigo ikapanda juu ya mkanda unaojiendesha na kumezwa na mashine. Ukutani kulikuwa na picha kubwa za vitu visivyoruhusiwa ndani ya ndege: kisu, kiberiti cha gesi, chupa kubwa ya maji, wembe. Sindano alizitazama moja moja. Kumbe jambo lililomtisha lilikuwa rahisi sana: kati ya picha zile, hakujua ipi imelala ndani ya gauni la Mama Mdogo. Pengine hakuna hata moja. Pengine ni sabuni.

Mama akaliweka boksi mwanzo wa mkanda.

"Mama," alisema Sindano. "Kuna kitu humo."

"Kuna gauni."

"Kuna kifurushi. Mjomba kinyozi alinipa. Nilikiweka mimi."

Mama aliganda. Mkono mmoja ulikuwa bado juu ya boksi. "Kina nini?"

"Sijui, mama."

"Hujui?"

Mzee mmoja mwenye tai, aliyekuwa nyuma yao, akasonya. "Mama, pitisha tu. Mtoto anaota, na sisi tunachelewa."

Na hapa nataka umwelewe mama. Mkanda unavuta boksi. Mdogo wake anamsubiri. Akinyamaza, huenda mashine isione kitu. Akisema, huenda wasiondoke kabisa. Alilishika boksi kwa mikono miwili, akalirudisha kifuani.

"Afande," alimwita mkaguzi aliyesimama kando ya mashine, "ndani ya boksi hili kuna kitu ambacho mimi sikukiweka, na hatujui ni nini."

Foleni ilisimama. Yule mzee mwenye tai alirudi nyuma hatua ndefu kuliko miguu yake. Wakaguzi wawili waliwapeleka kwenye meza ya pembeni, na mara akaja mkuu wao, mama mmoja mnene mwenye sauti ya taratibu. Wakavaa glavu. Wakalitoa gauni polepole, mkunjo kwa mkunjo, na mama yake Sindano kila likiguswa anasema, "Taratibu na hiyo lesi, dada yangu, taratibu." Kifurushi kikatoka. Kikapitishwa kwenye mashine peke yake, kisha kikakatwa gazeti.

Ndani kulikuwa na mikasi miwili mirefu ya kinyozi na pakiti ya nyembe.

"Mpigie mwenye kifurushi," alisema mkuu. "Weka sauti juu, sote tusikie."

Simu ikapokewa, mashine ya kunyolea inanguruma nyuma. Mama alimweleza. Mashine ikazimika.

"Nisamehe, dada," ilisema sauti ya kinyozi. "Ni vifaa vya kazi tu, vya kaka yangu. Sikuwaza kabisa mambo ya ndege. Hapa nimemwacha mtu nusu kichwa."

"Mmalizie mteja wako," mkuu alimwambia, "na kesho ukiwa na kitu cha kutuma, mwambie mwenye safari, si mtoto wake."

Maswali hayakwisha hapo, yalikula saa nzima. Jina, kitambulisho, mnakaa wapi, mnakwenda kwa nani. Mkuu aliandika bila haraka. Kwenye spika ikatangazwa ndege yao, abiria waanze kujiandaa, na Sindano akahisi machozi yanapanda. Mama hakumgombeza. Alikuwa analikunja gauni upya, na mikono yake, ambayo huwa haikosei mshono, ilikuwa inakosea mikunjo.

"Hivi haviingii ndani ya ndege," mkuu alisema mwishoni. "Ama mviache hapa, ama mrudi kaunta viwekwe na mizigo ya chini. Bado muda upo. Nendeni haraka, lakini msikimbie, mtaanguka."

Walirudi kaunta. Yule dada alivifunga vile vifaa ndani ya kiboksi, akakibandika lebo. Alikuwa anamaliza tu mara wakaja baba na mama na watoto wao, wanahema, wanaburuta masanduku.

"Tumefika," alisema yule baba, anajifuta jasho. "Ya saa nane."

"Ndugu yangu, nimefunga sasa hivi," alijibu dada. "Samahani sana."

Sindano aliwatazama watoto wale wakikaa juu ya masanduku yao, na hapo ndipo alipomkumbuka Baba Mdogo na honi yake ya saa nne.

Wakaingia foleni upya. Boksi likapita kwenye mashine bila neno. Sindano akapita. Mama akapita chini ya ule mlango wa ukaguzi, nao ukalia. Mkaguzi akamzungushia kifaa chake, kikalia shingoni. Mama akapapasa ukosi wa blauzi yake: safu nzima ya pini, zimejipanga kama kawaida ya kazini.

"Hata kanisani huwa naziacha humo," alisema kwa aibu. Mkaguzi alicheka mpaka akashika kiuno.

Wakati mama anachomoa pini, yule mkuu wa ukaguzi aliinama akamtazama Sindano usoni.

"Binti, unajua kwa nini mnaondoka leo?"

"Kwa sababu nilisema."

"Hiyo ni nusu. Ungenyamaza, mashine ingeona ile mikasi, na mama yako alishasema kaunta kwamba hajabeba kitu cha mtu. Tungemwamini vipi tena? Tungewaweka hapa mpaka jioni. Na nusu ya pili, mlifika mapema. Ukweli unahitaji muda wa kusikilizwa, mwanangu. Mngefika dakika ya mwisho, ungesema ukweli wako wote na ndege ingeondoka vile vile."

Walipanda wakiwa karibu wa mwisho, boksi juu ya mapaja ya mama. Ndege ilipotulia juu ya mawingu, mama akazungumza.

"Nimekasirika, usidhani sijakasirika."

"Najua, mama."

"Mtu akikupa kitu ubebe, unauliza ni nini, unakiona kwa macho yako, na mimi nakiona. Hata awe mjomba wa kiti cha kuzunguka. Ukikibeba, ni chako, na matatizo yake ni yako. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Haya. Lakini pale kwenye mkanda ulipofungua mdomo, nilijua nina mtoto ninayeweza kusafiri naye." Akamvuta kichwa, akakiegemeza begani.

Walipotua, kaka yake kinyozi alikuwa nje na tumbo lake, akapewa kiboksi chake. Jioni ile Mama Mdogo alisimama juu ya stuli ndani ya gauni lake, na viatu vyake vya harusi mguuni, huku mama amepiga magoti anashona pindo kwa mkono, na Sindano anazunguka na sumaku. Mama Mdogo alikuwa analia na kucheka, anauliza kwa nini gauni limekunjamana kama limepigana na mtu. "Simama wima," mama alimwambia, "nitakupa habari hiyo ukishaolewa." Kesho yake gauni liligusa sakafu sawasawa, halikuburuza wala halikupanda, na waliomwona bibi harusi walisema halikutoka kwenye cherehani, alizaliwa nalo.

Sasa wewe unayesoma, nijibu bila kujitetea. Boksi liko mwanzo wa mkanda, nyuma yako watu wanasonya, mama yako hajui kitu, na pengine ndani ni sabuni tu. Ungefungua mdomo, au ungeliacha lipite?