Sentensi Aliyoiogopa Esinam

Kila asubuhi Esinam alipanga foleni ya waakye, wali wa maharage, nje ya lango la chuo, Cape Coast, akiisoma tasnifu yake kimoyomoyo. Asubuhi hiyo mtu akacheka nyuma ya bega lake.

"Dada, sentensi hiyo umeianza mwisho wa foleni. Tumefika kwenye sufuria na bado haijaisha!"

Aligeuka kwa hasira. Kijana mrefu, shati la batiki lililopauka, penseli sikioni.

"Unasoma karatasi za watu?"

"Najaribu. Hazisomeki."

Alitaka kununa, akacheka. Kijana huyo, Elikem, alikuwa anasomea ualimu wa lugha. Baada ya wiki chache walikuwa wakikaa pamoja kwenye baraza ya maktaba, yeye akifuta, Esinam akilalamika.

"Mpenzi, hapa ulitaka kusema nini?"

"Kwamba sina hakika."

"Basi andika huna hakika. Mbona unajificha?"

Hakumwambia. Jopo la watahini lilikuwa limeshamrudisha mara moja. Likimrudisha tena, masomo yamekwisha.

Alasiri moja Elikem alimrudishia sura ya nne. Ukurasa mzima ulikuwa umebaki mstari mmoja: Wanawake wameyaacha majiko mapya ya kukaushia samaki kwa sababu samaki wanaokaushwa humo hawapati rangi wanayoitaka wanunuzi.

Esinam alisimama. "Umeniua, Elikem. Unajua hayo majiko aliyabuni nani? Profesa Quansah! Msimamizi wangu!"

"Sikujua. Lakini si ndicho ulichoandika?"

"Niliandika ili kisionekane!"

Alikusanya karatasi na kuondoka. Jioni simu iliita, ikaita tena, mwishowe akapokea.

"Esi, nisamehe. Nakupenda, unasikia?"

"Unapenda kunisahihisha," akasema, akakata.

Siku ya utetezi wa tasnifu alivaa gauni la kente la mama yake, lililombana kifuani. Alikuwa ameurudisha ukurasa wote kama ulivyokuwa kabla Elikem hajaufuta. Aliusoma mbele ya jopo. Elikem alikaa nyuma kabisa, ameinamisha kichwa.

Profesa Quansah alivua miwani. "Binti, nimepotea. Majiko yangu wameyakubali au wameyakataa?"

Esinam aliinamia ukurasa wake. Akatafuta maneno ya kujifunika, asiyapate.

"Wameyakataa, Profesa. Samaki hawapati rangi, kwa hiyo hawanunuliwi."

Profesa alivaa tena miwani. "Subiri nje."

Kwenye korido Esinam aliegemea ukuta. Ndani, nyuma ya mlango uliofungwa, sauti zilipanda na kushuka. Elikem alitoka, akasimama mbali kidogo, kama anayeomba ruhusa.

"Niondoke?"

"Usiondoke. Pengine wananifukuza sasa hivi."

"Najua."

"Natetemeka, Elikem."

"Naona. Nami pia."

Kitasa cha mlango kikazunguka. Esinam hakugeuka kukitazama. Alimshika Elikem mkono.

"Nisikilize kabla hawajaniita. Nilikukimbia kwa sababu ya woga. Nakupenda."