Behewa la Mwisho Liende Tupu

Msiniulize nilikuwa wapi. Nilikuwepo. Miaka ile mimi ndiye niliyekuwa mgeuza njia za reli kwenye uwanja wa kiwanda cha chuma, hakuna treni iliyopinda kushoto wala kulia bila mkono huu, na nyumba ya Mzee Nyundo ilitazamana na kibanda changu dirisha kwa dirisha. Wengine wanasimulia ya kuambiwa. Mimi nasimulia niliyoyaona, na masikio yangu ni yale ya kusikia sisimizi akipiga chafya.

Yote yalianza na jambo dogo, la kuchekesha. Jioni moja Dereva, mtoto pekee wa Mzee Nyundo, alirudi kwao kula. Mama yake akamsogezea sufuria. Dereva akanyoosha kijiko, na kabla kijiko hakijafika sufuria ikalia yenyewe: ngiii.

"Njaa yako leo ina kelele," mama akacheka.

Mzee Nyundo hakucheka. Maisha yake yote alipata riziki kwa kusikiliza chuma, naye alijua chuma hakijibu kabla hakijaulizwa.

Kazi yake ilikuwa kugonga magurudumu. Treni ikisimama kiwandani kushusha mzigo, alitembea ubavuni mwake na nyundo ya mpini mrefu, akigonga moja baada ya jingine. Gurudumu zima huimba. Lenye ufa hukohoa. Behewa la gurudumu linalokohoa alilichora mistari miwili ya chaki iliyopishana, maana yake: livuteni, lakini lisipakiwe.

Sasa, kila asubuhi treni ya mlimani iliporudi kuchukua mawe ya chuma, behewa lake la mwisho lilikuwa na alama hiyo. Na behewa hilo halikuwa na ubovu wowote.

Mambo hayo yalianza enzi za gari moshi, wakati mabehewa yalipokuwa kumi tu na tanuru moja. Mlima ule ulikuwa na mwenyewe. Mwaka wa kwanza treni zilikwama pale pale chini ya mlima, njia tambarare, moto umejaa, magurudumu yanazunguka bure kama mlevi anayetafuta kitasa. Mchochea makaa mmoja akasema mwenye mlima anataka kufuata mawe yake, aachiwe nafasi mkiani. Wakaacha behewa moja tupu. Treni ikaondoka kama mbuzi aliyenusa chumvi. Tangu hapo, jioni aliyafuata mawe hadi kiwandani, asubuhi akarudi kwake. Mabehewa yakawa ishirini, zikaja injini za dizeli, yakawa arobaini, na kwa kuwa wakubwa wa kiwanda wasingeelewa, wagonga magurudumu walilisingizia behewa zima ugonjwa, kila siku ya Mungu, mjomba akimrithisha mpwa. Mzee Nyundo aliipokea chaki hiyo kwa mjomba wake. Hakumwambia mtu, hata mkewe.

Kisha mwanawe akawa dereva wa treni hiyo hiyo, na akaja msimamizi mpya aliyebandika ubao wa tani: nani kaleta nyingi, nani kaleta chache.

"Baba," Dereva alisema, "kila siku behewa moja bovu, na kila siku ni la kwangu la mwisho. Wenzangu wa treni za makaa wananiita Mkia Mtupu."

"Mkia mtupu haujamuua mtu."

"Mwezi huu nikiwa wa mwisho tena, nashushwa injini. Nitafagia karakana, baba. Mbele ya hao hao."

Angemweleza. Lakini kijana amesoma, na mzee aliogopa kuchekwa na mwanawe kuliko alivyoogopa yule wa mlimani. Mficha maradhi, wahenga walishasema, na mwisho wake mnaujua. Asubuhi iliyofuata alipofika behewa la mwisho aliligonga, likaimba, na chaki akaiacha mfukoni. Siku moja tu, alijiambia.

Saa kumi treni ikaingia, mabehewa arobaini, yote yamejaa. Haikukwama popote. Tena ilikuja mbio. Mwenyewe alipokuta mkiani hamna pa kukaa, alitembea kwenda mbele.

Kesho yake ndipo sufuria ilipolia. Kisha ikaja harufu kwenye kola ya Dereva, ya chuma cha moto kilichomwagiwa maji. Kisha misumari ya kitanda ikaanza kuvuma kila alipojinyoosha.

"Mzee," mkewe alinong'ona wiki ile, siku ya mapumziko, amemshika mkono mlangoni, "mtoto akilala, mifupa yake inalia."

"Unaota."

"Saa saba mchana naota? Njoo usikie."

Wakaingia. Jua limejaa chumbani, kijana amelala chali na nguo za kazi, na Mzee Nyundo, kwa sababu hakuwa na elimu nyingine duniani, alichukua nyundo yake akaigusisha kifuani mwa mwanawe taratibu kama mtu anayebisha hodi penye mgonjwa, ubavu wa kwanza ukaimba, wa pili ukaimba, sauti ile ile safi ya gurudumu zima ambayo nyama ya binadamu haina ruhusa ya kuitoa, akarudi nyuma akiwa ameiinua nyundo hewani, haigusi kitu, na ubavu wa tatu ukaimba, na wa nne, na wa tano, mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka na mama mtu akajiziba masikio, na ndipo mdomo wa kijana ukafunguka huku macho yamefumba.

"Mbona siku ile hukuniwekea alama?"

Mzee akanong'ona, "Nimeshaiweka tena. Behewa ni lako. Mwachie mwanangu."

"Behewa lina baridi. Humu mna joto."

"Basi rudi kwako mlimani."

"Mlima uko wapi, Nyundo? Si mmeuvuta? Uko kwenye misumari ya kitanda hiki. Uko mkononi mwako."

Nyundo ikamponyoka.

Toka siku hiyo Dereva hakuinuka. Alizidi kuwa mzito, yeye aliyekuwa mwembamba kama ufito. Wanaume wanne tulimshika tukashindwa kumgeuza ubavu. Kitanda kikavunjika, wakamlaza chini, na sakafu ya saruji ikaanza kubonyea, kidole kimoja, viwili. Mama yake alimlisha uji kwa kijiko cha mti, maana cha chuma kilipiga kelele.

Mwisho akaja mganga, mtu mfupi mwenye mkoba. Akafukiza ubani, akaenda mpaka ulipokuwa mlima, akakuta shimo lenye maji mekundu. Akatupa jiwe, akasema maneno yake, akarudi akamwambia mama, "Amenisikia. Mpeni mwaka, atatoka."

Yote hayo nimeyaona, isipokuwa moja nimelitia mwenyewe. Mganga. Waliitwa watatu, na wote watatu walifika kwenye kivuko cha reli, wakasikia ile ngiii inayotoka nyumbani mle, wakageuza. Mama mtu akaja dirishani kwangu, mikono ina uji, akaniuliza, "Shemeji, wewe unaona mbali. Hakuna mtu anakuja na mkoba?"

Njia ilikuwa tupu mpaka upeo wa macho. Nikamwambia, yupo, namwona, anakuja.

Akaenda kumwekea kiti.