Makofi Nje ya Uzio

Magharibi ilipoingia, Bwana Kengele alikwenda kufunga lango la msitu. Msitu huo uko katikati ya jiji, umezungukwa na barabara na maghorofa, na ndani yake mna makaburi ya watu wa kale. Desturi ya kufunga ni moja: mlinzi hupiga kengele, aliyebaki ndani hujibu kwa makofi, naye husubiriwa atoke.

Akapiga.

Pa... pa... pa.

Makofi yalitoka nyuma yake. Nje ya uzio.

Huko nje kulikuwa na nyumba moja tu, ya dada yake mdogo. Ni Bwana Kengele mwenyewe aliyeyasogeza mawe ya mpaka ili dada apate kiwanja. Damu nzito kuliko maji, alijiambia. Makaburi yaliyoangukia upande ule aliyasawazisha kwa jembe, kwani wafu hawaendi mahakamani. Tangu siku hiyo roho yake haikutulia, na hakuwahi kumwambia mtu.

Dada akaja mbio, miguu mitupu.

"Kaka," alinong'ona, "mtoto anapiga makofi usingizini. Ukigonga tu, naye anapiga. Na chumba kizima kinanuka udongo mbichi... Pale nilipojenga palikuwa na nini?"

Hapo ndipo angesema. Lakini aibu ikamzuia.

"Hapakuwa na kitu. Anaota huyo. Mwache alale, we kaendelee na mapishi yako."

Dada akamwamini, kama alivyomwamini siku zote. Alipoondoka, Bwana Kengele akafungua lango lote, akapiga kengele tena, taratibu, kuwaita waliofungiwa nje warudi kwao.

"Nisameheni," alisema. "Ingieni."

Harufu ya udongo ikampita usoni. Nyasi zikalala chini ya nyayo asizoziona, nyingi, zisizo na haraka. Mwisho kabisa kitu kikamgusa gotini, chepesi, cha moto. Akadhani ni upepo.

Kimya.

Akafunga. Moyo ukawa mwepesi. Akapiga kengele mara ya mwisho, mazoea tu.

Msitu ukajibu. Pa... pa... pa. Viganja vizito, vikavu.

Na katikati yake, viganja vidogo... laini.

Nyuma yake mlango wa dada ukafunguliwa.

"Kaka? Mtoto umemchukua wewe?"