Bembea ya Mselemu na Gurudumu Lisilofika

Ndugu zangu, sogeeni niwaeleze habari za nyumba moja ya mjini Singida, nyumba ya watu wema, iliyokaribia kuangushwa na ndoto yake yenyewe. Siwaelezi ili tuwacheke. Mkinisikiliza mpaka mwisho, naamini mtawapenda kama ninavyowapenda mimi.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Alasiri ya Idi, upepo wa Singida ukivuma kutoka ziwani, watoto walikuwa wamejaa kwenye uwanja wa Mselemu. Katikati ya uwanja ilisimama bembea ya kuzunguka, iliyoshikwa na nguzo moja nene ya mninga. Mikono yake ya mbao ilining'iniza wanyama wa kuchonga: punda, pundamilia, twiga mwenye shingo fupi kidogo, na fahali wa pembe ndefu ambaye kila mtoto alitaka kumpanda yeye kwanza. Wanaume wanne waliisukuma huku wakiimba. Watoto walitoka Mwankoko kwa miguu, wengine walikuja na wazazi wao kwa basi la Kiomboi, Waislamu kwa Wakristo, maana siku ya Krismasi nayo uwanja ulijaa vilevile.

Mselemu, mwenye bembea, alikuwa mfanyabiashara mwenye kaduka ka vitambaa na sabuni. Alikuwa hodari, mtu wa kuona kitu mahali ambapo wengine wanaona takataka. Beringi za bembea alizing'oa kwenye lori bovu lililoachwa barabarani, na wanyama wote walichongwa na Naftali, seremala wa Mgori. Mkewe, Mboni, alikaa mlangoni na kikapu cha nauli. Jua lilipokaribia kuzama, aliwaita watoto waliokuwa wakichungulia nje ya ua kwa kukosa senti, akawapandisha mzunguko wa mwisho bure.

"Mama Ziada, utatufilisi," Mselemu alimtania, akimwita kwa jina la binti yao.

"Baba Ziada, hao ndio watakaorudi na watoto wao," Mboni alimjibu, na wote wawili walicheka.

Hayo ndiyo maisha waliyokuwa nayo. Nani kati yetu asingeyataka?

Mwaka mmoja Mselemu alikwenda Dar es Salaam kwenye maonyesho ya Saba Saba. Huko aliona gurudumu kubwa la chuma, refu kupita minazi, likiwabeba watu juu na kuwashusha, likiendeshwa kwa injini. Alirudi nyumbani akiwa mtu mwingine. Hata chakula alikula akitazama dari.

"Fikiria mtu wa hapa kwetu," alimwambia mkewe, "anapandishwa juu, anayaona maziwa yote mawili kwa pamoja, Singidani na Kindai. Watakuja watu kutoka Dodoma, watoke Tabora."

Mboni aliipenda ndoto ile, nisiwafiche. Aliiona machoni mwa mumewe kama alivyoiona bembea kabla haijajengwa. Lakini aliuliza swali moja.

"Na nguzo? Naftali alisema imeanza kuliwa na mchwa kwa chini. Hatuwezi kuibadilisha kwanza?"

"Nguzo itasubiri. Gurudumu likisimama, bembea hii tutawaachia watoto wadogo."

Basi kazi ikaanza. Mselemu alinunua injini kuukuu kutoka shamba la mkonge lililofungwa. Alichimba mashimo makubwa ya msingi, akamwaga saruji. Vyuma aliviagiza kwa fundi mmoja wa Arusha, akamtumia malipo ya kwanza. Watu walikuja kutazama mashimo yale kama watu wanaotazama msikiti mpya ukijengwa, na Mselemu aliwaonyesha kwa fimbo mahali ambapo kila kitu kingekaa.

Mwaka huo mvua haikunyesha vya kutosha. Mtama ulikauka mashambani ukiwa wa kimo cha goti. Mtu anayetafuta unga hapeleki mtoto kwenye bembea, na uwanja ukaanza kupwaya. Fundi wa Arusha naye alisema bei ya chuma imepanda, aongezewe. Mselemu akaweka duka rehani kwa mkopeshaji, akamwongezea fundi. Hakumwambia mkewe. Akapandisha nauli ya bembea, akakataza mzunguko wa bure. Mboni alitii kwa uchungu, na jioni watoto wale wa nje ya ua walisimama wakitazama, kisha wakaacha kuja.

Sasa tulieni kidogo hapa. Hasara ya biashara humpata yeyote. Mvua haimwulizi mtu. Kosa la Mselemu halikuwa hasara. Kosa lake lilianza alipoona haya kuwa amekwama, na haya hiyo akaifungia ndani ya nyumba pamoja na familia yake.

Asubuhi moja Naftali alibisha hodi. Alikuwa hajalipwa kazi ya miezi mingi ya kuitengeneza bembea. Mboni alikuwa uani akipepeta mchele, akasikia sauti ya binti yake mlangoni.

"Shikamoo, baba Naftali."

"Marahaba, mwanangu. Baba yupo?"

"Hayupo. Amesafiri, amekwenda Manyoni."

Mboni aliweka ungo chini. Mselemu alikuwa chumbani, mlango umerudishwa. Kilichomwumiza Mboni si kwamba mtoto alisema uongo. Ni jinsi alivyousema vizuri, bila kusita, na akajua kwamba hiyo haikuwa mara ya kwanza. Ziada alikuwa mtoto ambaye akivunja kikombe hulia kabla hujamwuliza.

Mboni alitoka mpaka mlangoni, akamshika binti yake begani.

"Karibu ndani, baba Naftali. Mume wangu yupo. Anaona haya kukutazama kwa sababu hana cha kukupa."

Naftali alibaki amesimama, kofia mkononi. Alikuwa mtu wa maneno machache.

"Mama Ziada, deni linaweza kungoja," alisema. "Nimekuja kwa jingine. Ananitaka niongeze mikono kwenye bembea, wanyama wakae safu mbili, ili Idi hii abebe watoto wengi kwa pamoja. Nilikataa. Nguzo ile imeoza. Nasikia amepata fundi mwingine."

Mboni aliingia chumbani. Mselemu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, na alikuwa amesikia yote.

"Ni kweli?" Mboni aliuliza.

"Naftali ni mwoga. Nguzo ina nguvu. Nikiipata Idi hii tu, vyuma vinakuja, na yote haya yanakwisha."

"Na duka?"

Mselemu aligeuzia uso ukutani, na Mboni akaelewa kuwa nalo limewekwa rehani. Alikaa kando yake, hakumfokea. Kisha alisema, "Usiwapandishe watoto wa watu, Baba Ziada. Nakuomba." Mumewe aliinama, na yeye akadhani amekubali.

Idi ikafika. Mboni alichelewa kwa sababu ya wageni, na alipofika uwanjani alikuta umati ambao hawakuwahi kuupata tangu ukame uanze. Bembea ilikuwa na safu mbili. Kila mnyama alikuwa na mtoto, na fahali alibeba wawili, mmoja wao Ziada. Wasukumaji walikuwa tayari wameweka mabega.

Sijui ninyi mngefanya nini. Mume wako yuko mbele ya mji mzima, na ukimsimamisha umemvua nguo. Mboni alikuwa mwanamke mstaarabu, hakuwahi kumjibu mumewe mbele za watu. Aliweka kikapu chini, akatembea moja kwa moja mpaka kwenye bembea, akasimama mbele ya kifua cha msukumaji wa kwanza.

"Simama, baba. Ukitaka kusukuma, nisukume mimi."

Kisha alimshusha Ziada, akamshusha mwenzake, akaendelea kwa mnyama aliyefuata. Watoto walilia. Wazazi walinung'unika kwamba wamelipa. Mboni alimpa binti yake kikapu, akamwambia amrudishie kila mtu chake, na Ziada alipita akirudisha huku machozi yakimtiririka. Naftali, aliyekuwa amekuja na familia yake, aliingia kumsaidia kushusha.

Mselemu alifika mbio kutoka kwenye mashimo yake.

"Unaniaibisha," alisema kwa sauti ya chini.

"Najua. Nisamehe kwa hilo."

"Nitawaonyesha kwamba ni nzima." Aliwageukia watu, akaweka bega lake mwenyewe kwenye mkono wa bembea, akasukuma peke yake. Ikazunguka ikiwa tupu, ikikwaruza. Akaongeza kasi. Watu walianza kucheka na wengine kurudi karibu. Ndipo nguzo ilipotoa mlio kama wa kuni mbichi motoni, ikakatika kwa chini, na bembea nzima ikalala upande mmoja. Twiga na pundamilia walipasuka chini ya mikono ile mizito, pale pale watoto walipokuwa wamekaa. Mselemu alibanwa mguu.

Hakuna mtoto hata mmoja aliyeguswa. Nimesema hakuna hata mmoja, na kila mzazi aliyekuwepo alijua ni kwa nini.

Mselemu alilazwa hospitalini wiki nyingi. Wa kwanza aliyetaka kumwona hakuwa mkopeshaji wala fundi. Alimwita binti yake.

"Nilikufundisha kusema uongo," alimwambia. "Kazi hiyo haikuwa yako. Ilikuwa aibu yangu, nikakubebesha wewe. Usiichukue ukaenda nayo."

Ziada alimshika mkono. "Nilikuwa naogopa wanaokudai watakuchukua," alisema. Mboni, aliyekuwa upande wa pili wa kitanda, aligeuka dirishani ili wasimwone.

Azimio la Arusha lilikuwa limekwisha kutangazwa, na vijiji vya ujamaa vilianza kuundwa. Kijiji kimoja upande wa Mgori kilitaka mashine ya kusaga nafaka, kwani wanawake wake walikuwa bado wakisaga mtama kwenye jiwe, lakini hawakuwa na injini. Naftali aliyajua hayo, akamweleza Mboni. Mboni hakuuza kwa siri. Alimweleza mumewe. Haikuwa rahisi kwa Mselemu, maana injini ile ilikuwa moyo wa gurudumu lake.

"Wauzie," alisema hatimaye. "Ikiwa hainipandishi mimi juu, iwapumzishe mama zetu mikono."

Fedha ya injini ilikomboa duka na kumlipa Naftali. Kilichobaki wanakijiji walilipa kwa gogo la mninga na nguvu zao. Walikuja wenyewe kulisimamisha. Bembea mpya ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwanza, na wanyama wachache. Mselemu, akichechemea, aliipima nguzo kwa mikono yake kila asubuhi kabla ya kufungua mlango.

Siku moja dereva wa lori alileta salamu kutoka Arusha: vyuma vya gurudumu viko tayari, zinahitajika fedha za mwisho tu. Mselemu alisimama na dereva yule, akitazama ziwa. Mboni alikuwa mlangoni na kikapu chake. Alimwachia ajibu mwenyewe.

"Mwambie fundi aviuze kwa mwingine," Mselemu alisema. "Atakachopata anirudishie kinachonihusu. Na umwambie ahsante, kazi yake najua ni nzuri."

Kisha alichukua koleo akaenda kuyafukia mashimo, na kabla ya alasiri mkewe na binti yake walikuwa wamejiunga naye.

FUNZO

Jamaa zangu, hadithi hii haisemi kwamba mtu wa Singida asiote makubwa. Mselemu alikuwa mtu wa kuota, na bila ndoto zake watoto wetu wasingempanda yule fahali. Inasema hivi: usiilishe ndoto ya kesho kwa kuiba chakula cha kinachokulisha leo. Ukikwama, mwambie aliye ndani ya nyumba yako kabla hajaambiwa na jirani, na mtoto wako usimtume mlangoni akabebe uongo wako. Nawe unayeona hatari, usinyamaze kwa kumhurumia mtu aibu. Mboni alimwaibisha mumewe alasiri moja, na kwa hilo alimwokoa asije akawazika watoto wa wenzake. Heshima ya namna hiyo ndiyo tuitafute majumbani mwetu.