Mteja Aegeshe Wapi?

Kila asubuhi muuza viatu aliegesha pikapu yake mbele ya duka lake, katikati ya mji. Ilikaa hapo hadi jioni. Ndani, mkewe alipanga viatu. Kaka wa mkewe, fundi wa miaka mingi, alishona soli.

Siku moja alikuja bibi mmoja, mwalimu mstaafu mwenye mguu mbovu. Alikosa nafasi, akaegesha gari lake pembeni ya barabara. Alipotoka dukani, alikuta askari wa mji wamelifunga gurudumu mnyororo, akalipa faini.

"Mwanangu, viatu vyako vizuri," alimwambia muuza viatu, "ila leo nimevinunua mara mbili."

Hakurudi tena. Wateja wengine nao wakahamia duka kubwa la nje ya mji, lenye uwanja wa kuegesha bure.

Jirani yao, mwenye duka la dawa, akaja.

"Kaka, tumekodi uwanja ule wa nyuma. Kila duka linachangia. Mteja akinunua, unagonga mhuri kwenye tiketi yake ya kuegesha. Kwa muda wa saa mbili halipi kitu."

"Mimi nauza viatu. Magari hayanihusu."

"Yanakuhusu. Mwenye wasiwasi wa faini hakai. Aliyeegesha kwa amani atanunua dawa kwangu, kisha atapita kwako. Hakuna duka linaloweza kukodi uwanja peke yake. Na pikapu yako imekalia nafasi ya wateja kutwa nzima."

"Nichange ili wewe upate wateja? Dada, mimi si mjinga!"

Mkewe alimsihi. Yeye akamkatiza.

Miezi saba ikapita. Kazi ikakauka. Fundi akaambiwa apumzike kidogo. Alielewa maana yake. Alikusanya nyundo na sindano zake, akaenda kuomba kazi kwenye duka kubwa. Wakampa kazi ya kukusanya matoroli ya wateja uwanjani.

"Kaka yangu, fundi mzima, anasukuma matoroli," mkewe alisema, "kwa ubishi wako."

Ndipo muuza viatu alipokwenda kwa jirani kutoa mchango na kuomba mhuri. Pikapu akaiegesha mbali, akawa anatembea. Taratibu wateja wakarudi. Wengi waliingia na mfuko wa dawa mkononi.

Akamfuata fundi.

"Shemeji, rudi. Kazi ipo."

"Nimefurahi duka limepona," fundi alijibu. "Lakini siku ile nakusanya vifaa vyangu, hata kuniangalia hukuniangalia. Tafuta mwingine."

Akageuka, akaendelea kusukuma.

Sasa duka lina wateja. Wakiuliza fundi yuko wapi, mkewe huinama, akajifanya anatafuta boksi.