Kopo la Lakot Kwenye Foleni

Kila Jumamosi asubuhi Hajara alipiga deki, akachambua mchele, kisha akakaa mkekani kumsubiri mama yake amsuke nywele. Hiyo ilikuwa desturi yao tangu akiwa mdogo. Lakini mwaka huu, Hajara akiwa na miaka kumi na miwili, Bi Mwanawetu alianza kwenda kwenye chumba cha ushauri, hapo hapo Nakawa walikoishi. Kitana kilikwenda naye mkobani, na nywele za Hajara zikakaa wiki tatu bila kuguswa.

Chumbani humo watu wachache walijitolea kuwashauri wenye shida na kuwaandikia barua. Hawakulipwa hata senti. Nchi ilitawaliwa na wanajeshi, na shida hazikuwa haba: huyu amefukuzwa nyumba, yule mumewe amekamatwa na hajui aende ofisi gani. Hajara aliyajua hayo yote, wala hayakumpoza moyo. Alimwonea wivu kila aliyekalia benchi la mama yake.

Jumamosi ya nne akamfuata. Barazani alikuta foleni ya vitu, kama ile ya kungojea sukari dukani: kila mtu huweka jiwe, kandambili au kopo lake kwa zamu, kisha huenda kukaa kivulini. Kitu cha pili kilikuwa kopo la samli lililochorwa kwa msumari jina la Lakot, msichana wa darasani kwake. Hajara akachungulia ndani. Bi Mwanawetu alikuwa akimsubiri Mzee Saverio, karani mstaafu, alete mashine ya kupigia chapa. Miguuni pake aliketi Lakot, anasukwa, tena kwa kitana kile kile.

"Tulia kidogo, mwanangu," mama alimwambia Lakot.

Neno hilo lilimchoma Hajara. Mwanangu ni yeye, si mwingine. Akalitwaa lile kopo, akalitia mkiani, nyuma ya kipande cha tofali. Hakuna aliyemwona, na kwa robo saa hivi alijisikia raha tupu.

Mzee Saverio alileta mashine na kazi ikaanza. Zamu ya pili ilipofika, Alal, mama yake Lakot, akainuka na kulikosa kopo lake.

"Mimi nafika mapema, lakini kopo iko nyuma," alisema polepole, maana Kiswahili hakikuwa lugha yake.

Bi Mwanawetu aliuliza nani amelisogeza. Hajara akaangalia pembeni. Wengine wakaanza kunung'unika kwamba foleni ni foleni. Alal akarudi kukaa, maana siku zile ugomvi wa barazani uliweza kuleta askari, na yeye hakuwataka.

Saa tano hivi Lakot alikuja kukaa karibu na Hajara, macho mekundu. Alimweleza kwamba baba yake, aliyekuwa polisi, yuko gerezani Luzira na ana pumu. Dawa wanayo, ila langoni hawaipokei bila barua, na hupokea Jumamosi tu, mwisho saa sita.

"Mtu aliyetoka huko anasema Baba analala ameketi, pumzi haitoshi," alisema Lakot. "Tukichelewa leo, ni wiki nyingine nzima."

Raha yote ikamtoka Hajara. Angeweza kunyamaza, na alitamani sana kunyamaza. Lakini alisimama, akaingia ndani mbele ya watu wote.

"Mama, kopo la Lakot nililisogeza mimi. Niliona wivu."

Bi Mwanawetu hakumkaripia. Aliwaomba waliotangulia wampishe Alal, nao wakampisha. Mzee Saverio akapiga barua chapchap, akampakia Alal kwenye baiskeli yake, wakashika njia ya Luzira. Hajara na Lakot walisubiri barazani. Saa nane baiskeli ilirudi. Walifika langoni dakika kumi kabla ya kufungwa, na dawa ilipokelewa.

Jioni Bi Mwanawetu alimsuka Hajara. Hajara akauliza kwa nini anajitolea vile, ilhali halipwi.

"Unakumbuka baba yako alipokwenda Mbale kununua vitambaa, akakaa miezi miwili?" mama aliuliza. "Hakwenda Mbale. Alikamatwa. Nilizungushwa ofisi nne, mpaka Mzee Saverio aliponikalisha kwenye benchi lile akaniandikia barua. Baba alipotoka, nikauliza nilipe nini. Mzee akasema Jumamosi wanakosa watu wa kusaidia."

Siku zote Hajara alidhani baba yake alichelewa kwa biashara.

"Wivu ulikuonyesha saa ninazompa Lakot tu," mama aliendelea. "Haukukuonyesha kwamba kuna mtu aliyetupa sisi saa zake, ndiyo maana baba yako yuko hapa. Mimi ninazirudisha. Ukimwonea mwenzako wivu, uliza kwanza ana shida gani."

Jumamosi iliyofuata Hajara alitangulia kufika. Alikaa barazani kuilinda foleni, Lakot akaketi miguuni pake, na kitana kilikuwa mkononi mwa Hajara.