Mkono wa Chuma wa Kukusanya Majani

Asubuhi, Nella alikuwa wa kwanza kuamka. Alifungua mlango wa nyuma, akasimama hapo kizingitini bila kufanya kitu. Alitazama ua wake tu.

Nyumba yao ilikuwa Ngagara, mtaa wa Bujumbura, moja ya zile nyumba za zamani zenye ua mkubwa nyuma. Katikati ya ua palikuwa na mparachichi mkubwa. Kiangazi kilikuwa kimekolea. Majani yalianguka polepole, moja hapa, moja pale, yakizunguka hewani kabla ya kutua. Mbali, ng'ambo ya ziwa, milima ya Kongo ilionekana kidogo. Kisha vumbi likaifunika, kisha ikaonekana tena. Nella aliweza kukaa hivyo mpaka maji ya chai yakauke jikoni.

"Mama Gaëlle, uko naota tena?" mume wake alimwuliza huku akicheka. Mume wake aliitwa Gélase. Alifanya kazi ya ofisi mjini.

"Mi siota. Niko naangalia majani."

"Majani iko mingi sana. Leo ni samedi. Tutaichoma."

Ndivyo walivyofanya siku zote. Jumamosi, baada ya kazi za pamoja za mtaa, Nella alifagia majani, akayarundika, akayatia moto. Majirani nao walichoma ya kwao. Moshi mweupe uliinuka taratibu, ukajilaza juu ya mabati ya nyumba kama shuka iliyoanikwa. Nella aliuona ni mzuri. Hakuna mtu aliyeuogopa.

Jumamosi hiyo, binti yao Gaëlle alikuwa akicheza kamba uani. Alikuwa bado mdogo, ndiyo kwanza ameanza shule. Upepo ukageuka. Moshi wote ukamwendea yeye.

Kwanza alikohoa. Kisha akaiacha kamba, akashika ukuta. Mabega yake yalipanda na kushuka. Kifua chake kilipiga mluzi mwembamba.

"Mama," alisema. Hakuweza kuongeza neno lingine.

Nella aliona midomo ya mtoto inabadilika rangi. Alipiga kelele. Gélase alitoka mbio, akambeba Gaëlle, wakakimbilia barabarani kutafuta teksi.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi alimvisha mtoto kifuniko cha plastiki puani na mdomoni. Ndani yake dawa ilitoka kama mvuke. Baada ya muda mluzi ukapungua. Gaëlle akafumba macho, akalala amechoka.

"Mtoto wenu ana pumu," muuguzi alisema. "Nyumbani munachoma nini?"

"Majani tu," Gélase alijibu. "Hatuchomi plastiki."

"Baba, hata moshi wa majani ni mubaya. Kuna vitu vidogo sana ndani yake. Macho haivioni. Vinaingia mpaka chini kwenye mapafu. Kwa mutoto mwenye pumu, njia ya pumzi inajifunga. Dawa nitawapa. Lakini mukiendelea kuchoma, mutarudi hapa. Na siku moja mutachelewa."

Nella aliichukua dawa. Njia yote ya kurudi nyumbani alishika mkono wa Gaëlle na kusikiliza pumzi yake. Walipofika, alichukua ndoo ya maji, akaimwaga juu ya moto uliobaki. Majivu yalilia, kisha yakanyamaza.

Tangu siku hiyo hawakuchoma tena. Lakini majani hayakuacha kuanguka. Nella alifagia kila asubuhi. Gari la takataka lilipita mara chache, na gunia moja lilijaa haraka. Majani makavu ni mepesi, lakini yanachukua nafasi kubwa. Basi akaanza kuyarundika nyuma, karibu na mfereji. Rundo likakua. Likafika kiunoni, kisha kifuani. Gaëlle aliliita mlima wake.

Kisha mvua ya kwanza ikaja.

Ilikuja mchana, ghafla, kutoka upande wa vilima. Nella alisimama mlangoni. Harufu ya vumbi lililolowa ilimchukua mbali, mpaka kwenye utoto wake, kwenye ua wa nyanya yake. Alikuwa bado huko mbali aliposikia miguu yake inapata baridi.

Alitazama chini. Maji yalikuwa yanaingia ndani ya nyumba.

Mvua ilikuwa imelisukuma rundo lote la majani ndani ya mfereji. Mfereji uliziba. Maji yakakosa njia, yakapita sebuleni kwao, yakaenda mpaka kwa jirani wa chini, mzee Bonfils.

Mvua ilipopungua, Bonfils alifika. Suruali yake ilikuwa imekunjwa mpaka magotini.

"Mama Gaëlle! Majani yenu iko naogelea mu chumba yangu! Godoro imelowa. Kitanda imelowa. Mi nitalala wapi?"

"Utusamehe, mzee," Nella alisema.

"Kama hamutaki kuchoma kama watu wote, mukate huo muti! Mukate!"

Gélase alitoa godoro la akiba, akampelekea. Aliporudi, alisimama chini ya mparachichi, akautazama kuanzia shina mpaka juu.

"Pengine anasema kweli," alisema. "Tuukate."

Nella naye aliutazama. Mti huo uliwapa maparachichi. Uliwapa kivuli. Mabati yao yaliungua kwa jua la Bujumbura, na ni mti huo uliowawezesha kulala mchana.

"Nipe muda kidogo," alisema. "Kidogo tu."

Jioni hiyo hiyo, kabla jua halijazama, Assia aliingia na ufagio wa kusukuma maji. Assia alikuwa jirani wa upande wa pili. Alikulia mtaa wa Bwiza, akaolewa Ngagara, na alikuwa akiotesha miche ya mboga na maua kwa kuuza. Mikono yake ilikuwa na udongo siku zote.

"Pole, mama Gaëlle. Nimesikia kelele ya mzee. Kuja tusafishe kwanza."

Walisukuma maji mpaka sakafu ikaonekana, wakatoa majani mferejini, wakayamwaga uani. Kisha Assia akaenda kwake, akarudi na chombo ambacho Nella hakuwahi kukiona.

Kilikuwa na mipini miwili mirefu ya mti, imeungwa katikati kwa bolti, kama mkasi mkubwa. Mwisho wa mpini mmoja kulikuwa na meno ya chuma yaliyopinda. Mwisho wa mwingine kulikuwa na bamba la chuma, bapa na pana kama sahani ya wali.

"Hii ni nini?" Nella aliuliza.

"Mi naiita mukono wa chuma. Angalia."

Assia alishika mipini yote pamoja, meno yakiwa chini. Akavuta. Majani yalimfuata, yakakusanyika miguuni pake. "Hapo ni reki," alisema. Kisha akafungua mipini, akaifunga. Meno na bamba viliuma fungu kubwa la majani. "Hapo ni mukono. We hauinami, mugongo hauumi. Na kama iko nyoka ao nge ndani ya majani, haikugusi we. Unatikisa kwanza na meno, unangoja, ndipo unabeba."

Alikuwa amekuja pia na ndoo kuukuu iliyokatwa kitako. Aliiingiza kwenye mdomo wa gunia, na gunia likabaki wazi bila mtu wa kulishika. Akatia majani. Gunia likajaa.

"Limejaa," Nella alisema.

"Apana. Bado." Assia alikigeuza chombo, bamba likawa chini. Akakandamiza. Majani yalilia kwa sauti laini, yakazama. Akatia mengine, akakandamiza. Akatia mengine tena. Nella alitazama kama anayetazama mtu akimimina bahari ndani ya kikombe.

"Yote imeingia!" alisema.

"Kati ya majani kuna hewa mingi. Ukiitoa hewa, gunia moja linafanya kazi ya magunia mingi. Haiendi tena mu mufereji."

"Kisha gunia tunapeleka wapi?"

Assia alicheka. "Usipeleke popote, dada yangu. Majani ni chakula ya udongo. Kesho nitakuonyesha."

Kesho yake Assia alichagua kona ya ua, mbali na mfereji na mbali na ukuta wa nyumba. Walipanga matofali ya zamani kuizunguka, wakiacha nafasi kati ya tofali na tofali. Ndani walimwaga majani, kisha maganda ya ndizi na ya mboga, kisha majani tena. Wakanyunyiza maji. Plastiki hawakutia, wala mifupa, wala mafuta ya kupikia.

"Hiyo ni mbolea," Assia alisema. "Inataka muda. Usiwe na haraka."

Nella alitaka mkono wa chuma wa kwake. Gélase alikwenda Bwiza kwa fundi wa kuchomelea aliyeitwa Namegabe, aliyemtengenezea Assia chombo chake kwa vyuma vya kuokoteza. Alirudi nacho begani. Gaëlle alikikimbilia mlangoni kama anampokea mgeni.

Sasa Nella aliipenda kazi yake. Alivuta, akabeba, akakandamiza. Sauti ya majani yakizama ilimfurahisha. Ilimfurahisha mno. Alikandamiza ndani ya gunia, na alipofika kwenye kona ya mbolea, alikandamiza huko pia, kwa nguvu zake zote, mpaka majani yakawa magumu kama sakafu.

Baada ya muda, kona ilianza kunuka. Nzi walikuja. Gélase alikunja uso. "Mzee Bonfils atarudi," alisema.

Nella alimwita Assia kwa aibu. Assia alichimba kidogo kwa mkono. Ndani palikuwa na maji meusi.

"Umekandamiza hapa?"

"Ndiyo. Si ulinionyesha?"

"Kosa ni yangu, sikueleza vizuri. Sikiliza. Ndani ya gunia, kandamiza, ili ubebe mingi. Ndani ya mbolea, legeza. Kuna vidudu vidogo vinakula majani, na vinapumua kama sisi. Ukivinyima hewa, vinakufa, na takataka inaoza na kunuka."

Nella alimtazama binti yake, aliyekuwa akichora chini kwa kijiti. Vinapumua kama sisi. Neno hilo lilimwingia.

Aliyashika meno ya chombo, akageuza mbolea yote. Ya chini ikaja juu. Aliongeza majani makavu ili yanywe maji. Tangu hapo aliigeuza kila wiki. Kabla ya kunyunyiza maji, alichukua kiasi kidogo kiganjani, akakifinya. Kikiwa na unyevu kama nguo iliyokamuliwa, aliacha. Kikiwa kikavu, aliongeza maji. Harufu mbaya ikaisha. Asubuhi za baridi mvuke mwembamba ulipanda kutoka kwenye kona, na Nella alisimama mlangoni kuutazama.

Mvua ziliendelea. Zilikuja kubwa kuliko ile ya kwanza. Lakini mfereji ulikuwa mtupu, na maji yalipita yakiimba. Nyumba ya Bonfils ilibaki kavu. Siku moja mzee alipiga hodi. Safari hii suruali yake haikuwa imekunjwa.

"Mama Gaëlle," alisema, akitazama pembeni. "Hicho chombo chenu. Mi pia niko na majani."

"Karibu, mzee. Kuja nikuonyeshe."

Bonfils alijifunza. Kisha mke wa jirani wa ng'ambo ya barabara akajifunza. Chombo kilizunguka sana hata Gélase alipokihitaji alilazimika kukitafuta nyumba kwa nyumba. Moshi wa Jumamosi ukapungua, ukawa hadithi ya nyumba moja moja. Neno la kuukata mti halikutajwa tena. Kwenye kona, majani yalikuwa yamegeuka udongo mweusi, mwepesi, wenye harufu ya msitu. Nella alipanda mboga ya lengalenga ndani yake, na lengalenga ikanenepa.

Kiangazi kingine kilifika. Alasiri moja ya joto, Gaëlle alilala juu ya mkeka chini ya mparachichi. Nella aliketi kando yake na kusikiliza. Kifua cha mtoto kilipanda na kushuka, kimya, bila mluzi. Jani moja lilianguka polepole, likatua kwenye nywele zake. La pili likatua begani.

"Nilete mukono wa chuma?" Gélase aliuliza kutoka mlangoni.

"Wacha," Nella alisema kwa sauti ya chini. "Wacha kwanza yaanguke."